Utandawazi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

## Misingi

1. Utandawazi ni nini hasa?

Ni kuunganika kwa nchi hadi uamuzi wa mahali pamoja ukabadilisha bei, ajira na mazoea ya mahali pengine. Vinavyovuka mipaka ni vinne: bidhaa na huduma, mtaji, watu, na habari. Havivuki kwa urahisi ule ule. Fedha huhama kwa sekunde, kontena huchukua wiki kadhaa baharini, na mtu anaweza kungoja viza miezi mingi kisha akanyimwa. Mabishano mengi hayafiki popote kwa sababu mmoja anazungumzia bidhaa na mwenzake anazungumzia watu. Kabla ya kuunga mkono au kupinga, taja kwanza unamaanisha kipi kati ya vinne hivi.

2. Ni jambo jipya?

Hapana. Misafara ya hariri na majahazi yaliyofuata pepo za msimu yaliunganisha Asia, Uarabuni, Afrika na Ulaya kwa karne nyingi. Baada ya 1492, mahindi, mihogo, viazi na nyanya vilitoka Amerika vikaenea mabara mengine, huku magonjwa ya Ulaya yakiwaangamiza wenyeji wengi wa Amerika. Waafrika wanaokadiriwa kuwa milioni 12.5 walipakiwa melini wakiwa watumwa kuvushwa Atlantiki. Hiyo nayo ni sehemu ya historia ya soko la dunia, na haifai kurukwa.

Kipya ni kasi, na kugawanywa kwa kazi moja vipande vipande: kitambaa kinafumwa nchi moja, kinakatwa nyingine, kinashonwa ya tatu. Tena safari hii haiendi mbele daima. Kati ya 1914 na 1945, vita viwili na kuta za ushuru zilizopandishwa baada ya 1930 viliirudisha biashara ya dunia nyuma sana.

3. Nini kiliuharakisha baada ya Vita Kuu ya Pili?

Kwanza kanuni. Mkutano wa Bretton Woods wa Julai 1944 ulizaa Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, na Benki ya Dunia. Mwaka 1947 nchi 23 zilitia saini mkataba wa jumla wa ushuru na biashara, GATT, ambao nafasi yake ilichukuliwa na Shirika la Biashara Duniani, WTO, tarehe 1 Januari 1995. WTO imefikia wanachama 166, wa karibuni wakiwa Komoro na Timor-Leste walioingia Agosti 2024.

Pili kontena, ambalo linastahili sifa kuliko mikutano mingi ya wakuu wa nchi. Tarehe 26 Aprili 1956, meli Ideal X ya mfanyabiashara Malcom McLean ilitoka Newark kwenda Houston ikiwa na makontena 58. Kupakia mzigo uliotawanyika wakati huo kuligharimu dola 5.86 kwa tani. Kwa kontena, gharama ikashuka hadi senti 16 hivi. Vipimo vilipokubaliwa kimataifa katika miaka ya 1960, sanduku lile lile la futi 20 au 40 likaweza kutoka lori, kupanda treni na kuingia melini bila kufunguliwa.

Tatu ni nyaya za mawasiliano chini ya bahari, ambazo leo hubeba zaidi ya asilimia 95 ya data inayovuka mabara. Watu hudhani kazi hiyo hufanywa na setilaiti.

4. Nani anauendesha?

Hakuna dereva mmoja, lakini sauti hazilingani. WTO huamua kwa makubaliano ya wote, jambo linalompa kila mwanachama uwezo wa kuzuia. IMF hupiga kura kwa uzito wa michango: Marekani ina zaidi ya asilimia 16 ya kura, na maamuzi makubwa yanahitaji asilimia 85, hivyo nchi hiyo pekee inaweza kuyakwamisha. Chombo cha rufaa cha WTO kimekwama tangu Desemba 2019 kwa sababu Marekani ilizuia uteuzi wa waamuzi wapya. Anayeshindwa kesi leo anaweza kukata rufaa kwenye chombo kisicho na watu, na kesi ikalala hapo.

## Biashara, bei na ajira

5. Kwa nini nchi inunue nje kitu inachoweza kutengeneza yenyewe?

Kwa sababu kutengeneza kimoja ni kuacha kutengeneza kingine. Mwanauchumi David Ricardo alilieleza hili mwaka 1817. Chukua nchi mbili. Katika nchi A, mtu mmoja kwa siku hutoa mashati 6 au viti 3. Katika nchi B hutoa mashati 2 au viti 2. A inaishinda B kwa yote mawili. Hata hivyo, kila kiti cha A kinaigharimu mashati 2 ambayo hayakushonwa, na cha B kinaigharimu shati 1 tu.

Sasa A ihamishe siku moja ya kazi kutoka viti kwenda mashati: inapoteza viti 3, inapata mashati 6. B ihamishe siku mbili kutoka mashati kwenda viti: inapoteza mashati 4, inapata viti 4. Kwa pamoja wameongeza mashati 2 na kiti 1 bila mtu kufanya kazi saa moja zaidi. Wakibadilishana mashati 3 kwa viti 2, kila upande unafaidika.

Hesabu ni sahihi, lakini inadhani kwamba seremala anaweza kuwa mshonaji kesho asubuhi. Pia haisemi lolote kuhusu faida itamfikia nani ndani ya nchi. Hapo ndipo shida inapoanzia: tazama swali la 8.

6. Ushuru wa forodha unalipwa na nani, na unaongeza bei kiasi gani?

Anayelipa forodhani ni mwagizaji, yaani kampuni iliyo ndani ya nchi inayotoza. Muuzaji wa nje hubeba sehemu ya mzigo pale tu anapokubali kushusha bei yake.

Nchi nyingi hukokotoa ushuru juu ya bei ya mzigo pamoja na nauli na bima. Marekani ni tofauti, kwani huacha nje nauli na bima ya safari ya kimataifa. Tuseme mzigo ni dola 1,000, nauli 150, bima 10. Thamani ya forodha ni 1,160. Ushuru wa asilimia 10 ni 116, jumla 1,276. Kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 15 hutozwa juu ya 1,276, si juu ya 1,000: ni 191.40. Mzigo umefika 1,467.40.

Ushuru ukipandishwa hadi asilimia 25, unakuwa 290, kodi inakuwa 217.50, na jumla 1,667.50. Nyongeza ni dola 200.10, na muuzaji wa jumla anayepanga faida yake kwa asilimia ataikuza tena. Ndiyo maana bei dukani inaweza kupanda kuliko mtu alivyotarajia aliposikia kiwango kipya kikitangazwa. Biashara iliyosajiliwa kwa kodi ya ongezeko la thamani kwa kawaida hurejeshewa kodi hiyo. Ushuru wenyewe haurudi.

7. Nilikadiria gharama ya kuagiza mzigo, forodha ikaja na kubwa zaidi. Nini huharibika?

Mara nyingi ni moja kati ya haya matatu.

Msimbo wa bidhaa. Kila bidhaa ina msimbo wa mfumo unaosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani: tarakimu 2 za kwanza ni sura, 4 ni kichwa, 6 ni mgawanyo mdogo. Tarakimu 6 hizo ni sawa karibu kila nchi. Zinazofuata, hadi 8 au 10, ni za nchi husika. Kunakili msimbo wote kutoka ankara ya muuzaji ni kosa la kawaida, maana tarakimu za mwisho za nchi yake si zako. Omba uamuzi wa maandishi wa forodha kabla mzigo haujaondoka.

Asili ya bidhaa. Kitu kilichotoka nchi mliyo nayo mkataba wa biashara huria hakipati nafuu kwa sababu tu kilipakiwa huko. Lazima kiwe kimetengenezwa huko kwa kiwango kilichotajwa. Gari, kwa mfano, lilihitaji asilimia 62.5 ya thamani yake kutoka Marekani, Kanada au Meksiko chini ya mkataba wa 1994. Mkataba mpya ulioanza Julai 2020 ulikipandisha kiwango hicho hadi 75 kwa hatua.

Masharti ya uuzaji. Chini ya CIF muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia, na wanunuzi wengi huamini basi kwamba mzigo ukizama ni hasara yake. Sivyo. Hatari humhamia mnunuzi mzigo unapowekwa melini kule ulikotoka, sawasawa na FOB, masharti ambayo mnunuzi hujilipia nauli ya meli. Bima ipo, lakini anayedai ni wewe, na kiwango kinachotakiwa chini ya CIF ni kile cha chini kabisa. Isome kabla ya kulipa.

8. Utandawazi unaleta ajira au unaua?

Yote mawili, lakini hasara na faida haviwaangukii watu wale wale. Bidhaa ikishuka bei kidogo, mamilioni ya wanunuzi hupata nafuu ndogo kila mmoja. Kiwanda kikifungwa, mji mmoja hupoteza mshahara, kisha mteja wa muuza duka, kisha kodi ya kuendeshea shule, na mwisho thamani ya nyumba ambayo mfanyakazi angeiuza ahamie kwingine. Wastani wa taifa unaweza kuonekana mzuri huku mji huo ukizama.

China ilijiunga na WTO tarehe 11 Desemba 2001. Mwanauchumi David Autor na wenzake walikadiria kwamba bidhaa zake ziliigharimu Marekani ajira kati ya milioni 2 na 2.4 kuanzia 1999 hadi 2011, ukihesabu na biashara zilizotegemea viwanda vilivyofungwa. Kilichowashtua wataalamu ni kuona kwamba wengi hawakuhama wala hawakupata kazi nyingine ya hadhi ile. Vitabu vilikuwa vimeahidi kwamba wangepata.

Mashine nazo zimepunguza kazi za viwandani, pengine kuliko biashara, na ni vigumu kutenganisha sababu hizi kiwanda kwa kiwanda. Lakini ugumu huo usiwe kisingizio. Marekani ilianzisha mwaka 1962 mpango wa kuwasaidia waliopoteza kazi kwa sababu ya biashara ya nje, na ikauacha usitishwe Julai 2022. Nchi inayofungua soko bila fungu la mafunzo, la kuhama na la kuziba pengo la mshahara inawaomba wachache walipe kwa niaba ya wote.

9. Basi umepunguza umaskini au umeongeza pengo?

Kwa kipimo cha dola 2.15 kwa siku, zaidi ya theluthi moja ya watu duniani walikuwa katika umaskini uliokithiri mwaka 1990. Kufikia 2019 walikuwa chini ya mmoja katika kila kumi. Sehemu kubwa ya mabadiliko hayo ilitokea China, nchi iliyofungua milango yake polepole na kwa masharti yake yenyewe. Wanaolitumia kama ushahidi wa kufungua kila kitu kwa mkupuo hawajaisoma historia hiyo vizuri.

Pengo lina nyuso mbili. Wanauchumi Branko Milanović na Christoph Lakner walipanga mapato ya dunia nzima kati ya 1988 na 2008, wakakuta yaliyokua haraka ni ya watu wa kati wa Asia na ya asilimia 1 ya juu kabisa. Walioambulia kidogo walikuwa wenye kipato cha chini na cha kati katika nchi tajiri. Kwa hiyo tofauti kati ya nchi inaweza kupungua huku tofauti ndani ya nchi ikipanuka, na anayetaja upande mmoja tu anakupa nusu ya hesabu.

10. Kwa nini nchi zinazouza malighafi hazihamii kwenye bidhaa zilizokamilika?

Umeme, mtaji na ujuzi ni sehemu ya jibu. Sehemu inayosahauliwa ni ngazi ya ushuru: masoko mengi hutoza sifuri kwa malighafi na kiwango cha juu kwa kilichosindikwa. Asilimia 10 inasikika ndogo, lakini ifanyie hesabu. Bidhaa ya dola 100 imetumia malighafi ya dola 80, kwa hiyo kazi ya kiwanda ni dola 20. Ushuru wa asilimia 10 juu ya 100 ni dola 10, nusu nzima ya thamani iliyoongezwa na kiwanda. Kizuizi halisi ni asilimia 50.

Anayejadili mkataba wa biashara asome jedwali la ushuru mstari kwa mstari. Wastani wa nchi nzima huificha ngazi hii.

## Fedha

11. Kwa nini mtikisiko wa nchi moja hufika kwa watu wasiohusika?

Kwa sababu ya madeni yaliyokopwa kwa sarafu ya mwingine. Tarehe 2 Julai 1997 Thailand iliacha kuifunga sarafu yake, baht, kwa dola. Dola moja iliyokuwa kama baht 25 ilifika takriban 56 Januari 1998. Kampuni iliyodaiwa dola 1,000 ilihitaji baht 25,000 kulipa. Miezi sita baadaye ilihitaji 56,000, na mauzo yake yalikuwa bado kwa baht. Wakopeshaji waliokuwa na mikopo Indonesia na Korea Kusini waliogopa, wakaondoa fedha kwa pamoja, na hofu ikatimiza kile ilichokihofia.

Kinga zinazojulikana ni akiba ya fedha za kigeni, mikopo ya muda mrefu kuliko ya miezi michache, na udhibiti wa mtaji wa muda mfupi, yaani kuzuia fedha kuingia na kutoka ghafla. Malaysia iliweka udhibiti huo Septemba 1998 na ikalaumiwa vikali. Miaka kadhaa baadaye IMF yenyewe ilikubali kwamba hatua za aina hiyo zina mahali pake.

12. Kampuni kubwa hulipaje kodi kidogo kihalali?

Kampuni tanzu huuziana zenyewe kwa zenyewe. Tawi lililo kwenye kodi ya asilimia 30 linalipia jina la kibiashara, mkopo au ushauri kwa tawi lililo kwenye kodi ndogo, hadi faida ya tawi la kwanza inakaribia kuisha. Kanuni husema bei iwe ile ambayo wageni wawili wangekubaliana, lakini jina la kibiashara halina soko la kulinganishia bei. Mwaka 2021 zaidi ya nchi 130 zilikubaliana juu ya kodi ya chini ya asilimia 15 kwa makundi ya kampuni yenye mapato ya angalau yuro milioni 750 kwa mwaka. Utekelezaji unasuasua.

13. Fedha zinazotumwa na wahamiaji zina uzito gani?

Kwa nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati ni kubwa kuliko misaada, na humfikia mlaji moja kwa moja. Tatizo ni makato: wastani wa dunia umezidi asilimia 6, ilhali lengo la Umoja wa Mataifa ni chini ya 3 kufikia 2030. Ukilinganisha huduma, usiangalie ada peke yake. Tazama kiasi ambacho mpokeaji anakabidhiwa mkononi, kwa maana faida kubwa hufichwa kwenye kiwango cha kubadilishia fedha.

## Kazi, afya na utamaduni

14. Nguo za bei nafuu: nisizinunue?

Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, liliporomoka na kuua watu 1,134. Nyufa zilionekana siku moja kabla, na washonaji waliamriwa waingie kazini. Kilichofuata kina funzo: mkataba wa usalama kati ya kampuni za nguo na vyama vya wafanyakazi, wenye nguvu ya kisheria, wakaguzi huru na ripoti zilizowekwa wazi. Ahadi za hiari za miaka iliyotangulia hazikuwa zimezuia maafa.

Kususia nchi nzima huwaumiza kwanza washonaji wenyewe. Shinikizo linalofaa zaidi ni kuidai kampuni itangaze orodha ya viwanda vyake, iingie mikataba yenye nguvu ya kisheria, na ilipe bei inayomwezesha mwenye kiwanda kukarabati jengo.

15. Hataza zinaathirije bei ya dawa?

Hataza ni haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kutengeneza uvumbuzi wake, na mkataba wa WTO wa haki miliki unataka ilindwe miaka 20 tangu maombi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 dawa za kufubaza VVU ziligharimu zaidi ya dola 10,000 kwa mgonjwa kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitoa mchanganyiko wa dawa hizo kwa dola 350. Novemba mwaka huo, mjini Doha, wanachama wa WTO walithibitisha kwamba serikali inaweza kutoa leseni ya lazima, yaani kuruhusu dawa itengenezwe bila idhini ya mwenye hataza, ili kulinda afya ya umma. Nchi isiyo na kiwanda cha dawa inaruhusiwa kuagiza chini ya leseni ya nchi nyingine, lakini taratibu ni nzito mno: Rwanda iliitumia njia hiyo mwaka 2007 kupata dawa kutoka Kanada, na karibu hakuna aliyefuata.

16. Je, tamaduni zote zitaishia kufanana?

Kuazima si kufa. Kiswahili chenyewe kimechukua hesabu kutoka Kiarabu, meza na bendera kutoka Kireno, shule kutoka Kijerumani, na hakuna anayeyaona maneno hayo kuwa ya kigeni.

Hatari ipo kwenye mizani ya nguvu. Filamu iliyokwisha kurudisha gharama katika soko kubwa huuzwa kwingine kwa bei ambayo mtayarishaji mdogo hawezi kuifikia. Ndiyo sababu ya mkataba wa UNESCO wa 2005, unaozipa nchi haki ya kusaidia kazi zao za sanaa.

Lugha ndizo zinazoumia zaidi. Kati ya takriban 7,000 zilizopo, UNESCO inahesabu angalau asilimia 40 kuwa hatarini. Lugha haifi kwa kukosa kamusi. Hufa wazazi wanapoacha kuzungumza nayo na watoto. Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, walilielewa hilo, wakafungua mwaka 1982 vituo vya watoto wadogo ambamo wazee huzungumza Kimaori tu.

## Hali tata

17. Uchafuzi wa hewa unahesabiwa kwa mtengenezaji au mnunuzi?

Kwa hesabu rasmi ni kwa nchi ambamo moshi umetoka. Hivyo nchi inaweza kufunga viwanda vya chuma, ikaagiza chuma kile kile, na takwimu zake zikapendeza bila hewa ya dunia kunufaika. Umoja wa Ulaya umejibu kwa malipo ya kaboni mpakani, yaani tozo kwa bidhaa zinazoagizwa kulingana na moshi uliotoka zikitengenezwa: kipindi cha kutoa taarifa kilianza Oktoba 2023, na wajibu wa malipo ukaanza kwa bidhaa za 2026, zikiwemo chuma, saruji, alumini na mbolea. Mzalishaji asiye na vipimo vyake vya moshi hukadiriwa kwa viwango vya jumla, ambavyo mara nyingi humwumiza.

18. Kwa nini bidhaa zilikosekana mwaka 2020 na 2021?

Viwanda vilikuwa vimezoea kupokea vipuri siku ile ile vinapohitajika, bila akiba ghalani. Ni nafuu mambo yakiwa shwari. Janga la Uviko lilifunga viwanda, makontena yakarundikana bandari zisizostahili, kisha Machi 2021 meli Ever Given, yenye urefu wa mita 400, ikauziba Mfereji wa Suez kwa siku sita. Kuwa na wasambazaji wawili hakukusaidia pale wote wawili waliponunua kijenzi kutoka kiwanda kimoja. Chunguza ngazi ya pili na ya tatu ya wasambazaji, si ya kwanza tu.

19. Utandawazi umekwisha?

Biashara ya nje ilikuwa kama robo ya pato la dunia mwaka 1970 na kama asilimia 60 mwaka 2008. Tangu hapo haijapanda kwa maana. Kuduwaa huko si kuporomoka. Huduma zinazopita kwenye nyaya zinaendelea kukua, na viwanda vinavyoondoka nchi moja huhamia nchi nyingine mara nyingi kuliko kurudi nyumbani.

20. Nchi ikijitoa kwenye umoja wa kibiashara, inarudi kuwa huru, bila kubanwa na kanuni?

Uingereza ilipiga kura tarehe 23 Juni 2016 na ikatoka Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Mkataba uliofuata ulifuta ushuru kwa bidhaa za pande mbili, lakini matamko ya forodha, vyeti vya afya ya mifugo na mimea, na uthibitisho wa asili vikarudi. Wengi walinaswa na hili la mwisho: bidhaa iliyoagizwa Uingereza kutoka nchi ya tatu, ikalipiwa ushuru, kisha ikauzwa Ulaya bila kubadilishwa, hulipiwa ushuru mara ya pili, kwa kuwa asili yake si Uingereza. Dawa ni kuiweka katika ghala la forodha, ambako ushuru haulipwi bado, kabla ya kuiuza tena, au kuisafirisha moja kwa moja hadi Ulaya. Kanuni za asili zimeelezwa katika swali la 7.